Tulivyomfanyia Matanga Mfalme wa Mlomania

Kabla sijafika kwa mfalme, wacha nianze na mashini ya posho, maana bila hiyo mashini haya mengine yote hayangekuweko. Ilikuwa pale Kabuchai, kando ya njia ya kwenda mtoni, ndani ya nyumba ya mabati yenye vumbi jeupe la unga mpaka juu ya paa. Sisi watoto tulipenda sana kutumwa huko. Ulibeba mahindi kwa debe kichwani, ukashika laini nyuma ya akina mama, na ukingoja zamu yako uliegemea ule ukuta wa mabati uliokuwa ukitetemeka kama mtu mwenye malaria. Tulikuwa tunafungua mdomo tunasema "aaaa" ili tusikie sauti zetu zikikatikakatika. Hiyo ndiyo ilikuwa redio yetu. Unga ulitoka ukiwa moto. Ukiingiza mkono ndani ni kama umeuingiza chini ya kuku anayelalia mayai. Hata leo, hapa Matisi, Kitale, ninapokaa na mjukuu wangu, nikipita mahali wanasaga lazima nisimame kidogo. Mjukuu ananivuta shati, "Kuka," yaani babu, "twende bana, watu wanakuangalia." Wacha waangalie.

Sasa, msimu mmoja wa mavuno, mashini ikafa. Ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikanyamaza. Mwenye mashini aliipiga teke, akaiombea, akaipiga teke tena. Akina mama wakarudi kwa mawe ya kusagia ya mama zao, na kijiji kizima kikawa na hasira kwa sababu ya maumivu ya mgongo. Ndipo chifu akatuma neno Mabanga, kule kwa chuo cha wakulima, kwamba kuna mzungu anafundisha vijana kutengeneza trekta, aje atuonee hii kitu.

Akaja na pikipiki. Mrefu, mwembamba, nywele rangi ya ndevu za mahindi, mikono myeusi kwa grisi mpaka kwa kiwiko. Mwalimu wetu wa shule alisema anatoka nchi inaitwa Romania. Lakini ulimi wetu na hiyo herufi ya kwanza hawajawahi kupatana, kwa hivyo alikuwa Mlomania tangu siku hiyo, na yeye mwenyewe akaitika.

Boma letu lilipakana na hiyo mashini. Nyanya yangu, ambaye tulimwita Kukhu kama wajukuu wote wa kwetu, hakuweza kuona mtu akifanya kazi karibu na moshi wa jikoni yake bila kula. Alisonga ugali, akapika mboga ya murere na maziwa lala ya kibuyu, akaniambia niite mzungu. Mimi niliogopa. Nilisimama mbali nikasema, "Unaitwa," halafu nikakimbia.

Aliingia jikoni akiinama, akaona ugali juu ya sinia, umesimama vizuri na mvuke unapanda. Akauliza kwa Kiswahili chake kibaya, "Hii, mahindi?" Kukhu akasema ni mahindi, kwani alifikiri ni nini, mchanga? Mlomania akaanza kucheka, na machozi yakamtoka hapo hapo. Akaomba uzi. Kukhu akaniangalia, mimi nikamwangalia Kukhu. Tukampa uzi wa kushonea magunia. Akaupitisha chini ya ugali, akavuta juu, ukakatika safi kama sabuni ya mche. Akakata tena, na tena. "Kwetu," akasema, "kila siku. Mama yangu. Na uzi."

Wewe, habari hiyo ilizunguka Kabuchai kabla mashini haijapona! Mzungu anakula ugali kwao, na anaukata kwa uzi! Jirani yetu, mzee mmoja mwenye mdomo ambao haukuwahi kupumzika, alikuja kushuhudia kwa macho yake. Akakaa, akaona, akasema, "Si kweli. Huyu ni Mbukusu kama sisi, alipakwa chokaa."

Basi tangu hapo Jumapili ilikuwa ya Mlomania. Alikuja baada ya kanisa, akatengeneza chochote kilichovunjika, akala, akakaa chini ya upenu wa nyumba akimsaidia Kukhu kupukuchua mahindi. Hakuwa na watu. Wenzake aliokuja nao walikuwa wamerudi kwao, yeye alibaki, kwa sababu wakubwa wa nchi yake hawakupenda maneno fulani aliyosema, na alijua akirudi atajibu maswali mengi. Hiyo niliielewa nikiwa mkubwa. Wakati ule nilijua tu kwamba ni mtu mzima ambaye hawezi kwenda nyumbani, na niliona ni jambo la ajabu, maana mimi nyumbani nilifukuzwa niende shule na nikarudi kwa njia ya nyuma.

Kitu alichopenda kusimulia ni kimoja. Mfalme wao. Huyo mfalme aliishi zamani sana, na watu wake walikuwa wamegawanywa vipande vitatu, kila kipande chini ya mtu mwingine. Yeye akapigana mpaka akaviunganisha vyote vitatu kuwa kitu kimoja, ingawa haikudumu. Halafu wale waliokuwa wakipigana upande wake wakamwingilia ndani ya hema wakamuua. Kila mwaka kwao kulikuwa na siku yake: tarumbeta za shaba, bendera, watoto wamebebwa mabegani. Yeye pia alibebwa na baba yake, aliona kofia za watu kama shamba la kabichi. "Siku hiyo," alisema, "mimi nikajua mimi ni nani." Kukhu aliendelea kupukuchua, lakini niliona anasikiliza kwa sababu mahindi yalikuwa yakianguka polepole.

Juzi nilikumbuka haya yote. Ilikuwa sherehe ya mashujaa hapa Kitale, mjukuu akanipeleka tukaone. Mahema meupe, vipaza sauti, wakubwa wamevaa miwani nyeusi. Walisoma majina ya mashujaa kama mwalimu anayeita rejista, watu wakinunua njugu. Mimi sina ubaya na hiyo. Njugu zenyewe zilikuwa tamu. Lakini nilikaa pale nikajikuta niko Kabuchai.

Maana hata wakati ule tulikuwa na siku yetu ya kuwakumbuka waliopigania nchi. Tulienda uwanja wa shule, kwaya ikaimba, ng'ombe bora wakapitishwa, chifu akasoma hotuba ya kutoka juu. Mwaka huo Mlomania akamwomba chifu apewe nafasi kidogo aseme habari ya mfalme wake. Chifu alikuwa mtu mwema, akamweka kati ya kwaya na ng'ombe.

Alikuja amevaa nguo ya kwao ya sherehe. Shati jeupe refu linafika karibu na magoti, limedariziwa maua kifuani, na mshipi mpana kiunoni. Kwao ni vazi la heshima. Kwetu, bana, lilionekana kama petikoti. Kicheko kilianza kwa wanawake wa mbele, kikaenda nyuma kama moto kwa nyasi. Yeye akaendelea. Akasema habari ya nchi tatu, habari ya hema, habari ya kukatwa kichwa. Ndipo jirani yetu, pombe ya busaa ikiwa tayari imemfikia, akapiga kelele kutoka nyuma:

"Mfalme gani huyo, hata kichwa chake alishindwa kukichunga!"

Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. Mlomania alisimama kidogo, akafunga mdomo, akashuka. Ng'ombe wakaletwa.

Jumapili iliyofuata hakuja. Ile nyingine hakuja. Kukhu alisonga ugali na sehemu yake ikakauka juu ya sinia, uzi uko pembeni. Watu wa Mabanga walisema amejifungia kwa nyumba yake ya kazi, hali chakula vizuri, haendi kwa trekta, anataka kuandika barua ya kuacha kazi aende popote. Kukhu akaniita twende naye. Tulitembea. Tulimkuta ameketi kitandani, ndevu zimemea, na lile shati limekunjwa juu ya kiti.

Kukhu hakumwambia pole. Alimuuliza swali moja tu. "Huyo mfalme wenu, alizikwa wapi?"

Mlomania akasema kichwa kiliibwa na mtu wake mwaminifu kikazikwa kwa nyumba ya watawa. Mwili uliachwa uwanjani, wengine wanasema siku kadhaa, na hakuna mtu anajua vizuri ulikoenda.

Kukhu akashika kifua. "Na ni nani aliketi chini akaambiwa habari zake?"

Hapa lazima nikueleze kitu, kama wewe si wa kwetu. Sisi Wabukusu tukimzika mzee, siku ya tatu anakuja mtu maalumu, msemaji wa matanga. Si kila mtu anaweza, ni kitu kinatoka kwa ukoo. Wafiwa wanaketi chini uwanjani, yeye anatembea katikati, huku na huku, na fimbo yake, anasema habari ya marehemu na ya watu wote tangu mwanzo, na namna ya kuishi. Kazi hiyo inaitwa kumuse. Akisema, hakuna kupiga makofi, hakuna kusimama, hakuna kumpita mbele, hata mtoto akilia anatolewa. Mtu ambaye ameketiwa namna hiyo amekufa vizuri. Ambaye hakuketiwa, bado yuko njiani. Na kama mwili ulipotea, kwa vita au kwa maji, tunazika shina la mgomba mahali pake, na matanga yanaendelea.

Kwa hivyo Kukhu alikuwa ameshaona shida iko wapi. Sisi wengine tulifikiri Mlomania amechekwa kwa sababu ya petikoti. Kukhu alisema hapana, huyu mtu ana maiti mkononi na amekosa mahali pa kuiweka, na tukimwacha ataondoka nayo aende akaanguke kwa nchi nyingine. "Nitamzika huyo mfalme kwangu," akasema. "Na msemaji atakuja."

Tuliporudi, jirani alikuja mbio.

"Mama, nasikia unataka kuzika mfalme wa wazungu hapa?"

"Umesikia vizuri."

"Ati kwa shamba! Unajua kaburi ni nini? Kaburi ni hati. Kesho watakuja na watoto wao waseme babu yetu amelala hapa, tokeni."

"Wale wazungu waliochukua Kitale yote walizika nani kwanza?" Kukhu akamuuliza.

Jirani akafungua mdomo, akaufunga. Nafikiri hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Lakini msemaji wa upande wetu alikataa. Alisema hajawahi kusikia, na hataki kuchekwa kama yule mzungu. Akasema labda yuko mmoja, mzee sana, amehamia kwa mtoto wake juu ya Kitale, kwenye miteremko ya mlima, huyo ndiye anaogopwa hata na wenzake. Kukhu akafunga leso. Tukapata lori la mahindi likienda Kitale, tukakaa juu ya magunia, mimi nikiwa na furaha kama niko mbinguni, Kukhu akishika kamba na kuomba Mungu kwa sauti kila kona.

Baridi ya huko ilinishangaza. Tulimkuta mzee kwa zizi, amevaa koti la mvua la askari, anakamua ng'ombe. Hakuacha kukamua. Kukhu alipiga magoti akaeleza yote. Nilijua anaogopa, maana leso alikuwa ameikunja na kuikunjua mpaka imekuwa kamba. Mzee huyu akisema hapana, hakukuwa na mwingine, na Mlomania alikuwa ameshafunga sanduku.

"Alikuwa na wajukuu huyo mfalme?"

"Sijui, baba. Lakini watu wa nchi nzima wanamwita wao."

"Nani alimuua?"

"Waliokuwa upande wake."

Maziwa yakaendelea kulia ndani ya ndoo. "Na kichwa kiko mbali na mwili."

"Kiko mbali."

"Na waliomcheka ni watu wetu."

"Ni watu wetu, baba."

Ng'ombe akageuka kuangalia nini inaendelea. Halafu mzee akauliza, "Huyo mzungu wako anakula nini?"

"Ugali."

"Wacha mchezo, mama."

"Ugali wa mahindi, huku na kwao. Anaukata kwa uzi."

"Kwa uzi!" Mzee aliacha chuchu, akacheka mpaka akashika mguu wa ng'ombe asianguke. "Kwa uzi! Sasa huyo mimi nitamkataaje?" Akafuta macho. "Zikeni. Siku ya tatu nitakuja. Asiniguse, asinishukuru, asiniletee chakula."

Basi tukazika. Kukhu alitaka kukata mgomba wake mwenyewe, lakini jirani akatokea na panga, akautazama mgomba wetu kwa dharau. "Hiki kijiti? Kama ni mfalme azikwe kama mfalme." Akaenda kwa shamba lake, akakata shina nene, akalileta begani akihema, na hakuna mtu alimuuliza kitu. Tukalivika lile shati jeupe la maua. Ni Mlomania mwenyewe alilifunga mshipi. Kwaya ya kanisa iliimba, kwanza kwa haya, halafu kwa nguvu, maana watu wetu wakishaanza kuimba kaburini husahau ni kaburi la nani. Wanawake wakapika. Wanaume wakaketi kwa moto. Kwa desturi wafiwa hunyolewa, na Mlomania akanyolewa pia, kichwa kikabaki cheupe kama yai la bata, sisi watoto tukakimbia nyuma ya ghala tukacheke huko mbali.

Usinifikirie vibaya, zilikuwa siku tamu. Kijiji kizima kilikuwa kwetu. Harufu ya maharage na moshi, akina mama wakibishana juu ya chumvi, Mlomania ameketi katikati ya wazee akijifunza kunywa busaa kwa mrija mmoja na jirani aliyemtukania mfalme. Jirani akamwambia, "Lakini ndugu yangu, angeweka mlinzi mlangoni." Mlomania akasema, "Aliweka. Mlinzi akalala." Jirani akatikisa kichwa. "Walinzi!" akasema kwa uchungu, kana kwamba ameibiwa yeye.

Na ili usiniulize baadaye: huyo Mlomania hakufunga tena sanduku kwa miaka mingi. Alifundisha Mabanga mpaka vijana wake wakafundisha wengine. Serikali ya kwao ilipobadilika akaenda kuona kaburi la mama yake, akarudi na mafungu ya uzi mzuri kwa Kukhu. Alikufa akiwa mzee, kifo cha kitandani, na aliketiwa. Lakini msemaji wa hiyo siku alikuwa mwingine, kijana, alisoma kutoka kwa karatasi.

Siku ya tatu tuliketi tangu asubuhi. Kukhu alikuwa amemwonya Mlomania tena na tena: usisimame, usipige makofi, usiseme asante. Jua lilipopanda, mzee akatokea kwa njia ya mtoni. Hakuwa na koti la askari. Alivaa ngozi ya mbega, nyeusi na nyeupe, na fimbo ndefu, na alionekana mrefu kuliko nilivyomwacha kwa zizi. Hakusalimu mtu.

Alianza na wetu. Alisema habari ya ngome ya udongo, jinsi babu zetu walijifungia ndani na mikuki wakingoja bunduki za wakoloni, na jinsi mifupa ya wengi ililala nje mpaka nyasi zikaifunika. Alitembea, akageuka, akatembea. Nilisikia nzi akipita. Halafu bila kubadilisha sauti akavuka.

"Na huko mbali, mahali mahindi ni ya manjano na baridi inaua majani, kulikuwa na kijana wa watu. Aliona ndugu zake wamegawanywa kama nyama. Akasema, hapana. Akawakusanya. Waliokula naye wakamuua. Kichwa kikaenda njia yake, mwili ukakosa njia. Akatembea miaka hiyo yote akitafuta mahali watu wameketi. Akafika Kabuchai." Akasimama. "Kabuchai mkacheka."

Jirani aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa magoti.

"Sasa mmeketi," mzee akasema. "Mmemzika, mmemlilia, mmekula matanga yake. Hamwezi tena kusema si wenu. Na huyu mwenye kichwa kilichonyolewa," akamwelekezea fimbo Mlomania bila kumtazama, "ni mfiwa. Mfiwa ana watu. Atakayemuuliza kwao ni wapi, mwambieni: ni pale alipoketi."

Mlomania alitaka kusimama. Niliona miguu yake ikijikusanya. Akashika nyasi kwa mikono miwili, akazishika kama mtu anayeogopa kupeperushwa, akabaki chini, machozi yakishuka mpaka shingoni na hakuna mtu wa kuyafuta, maana hakuna aliyeruhusiwa kusogea.

Wale wa Kitale juzi, kila mmoja akimaliza kusema alingoja makofi, halafu akaketi akapewa soda. Wasemaji wa namna ya yule mzee sijui kama wamebaki. Ngozi zimeliwa na wadudu, watoto wao ni makarani. Mimi mwenyewe nikijaribu kumwelezea mjukuu, naona maneno yanatoka, ule unyamavu hautoki.

Mzee hakusema amemaliza. Aligeuza fimbo, akapita kati yetu, tukavuta miguu kumpisha. Akapita mlango wa Kukhu, akapita mashini iliyokuwa imezimwa kwa heshima, akashika barabara ya Kitale, mgongo wake mweusi na mweupe ukipungua kati ya miwa. Hakuangalia nyuma. Sisi tuliendelea kuketi. Hakurudi tena.